Nusu Pigo

Tumesimama hapa tangu saa nane mchana,
nje ya ukumbi uliokuwa kiwanda cha nguo,
Tampere, mwezi wa Novemba,
giza limewahi kufika kuliko sisi.
Raimo ana kiti cha kukunja na soksi mbili kila mguu.
Tuulikki ana chupa ya kahawa, hamimini
mpaka ukiri kwamba albamu ya pili ndiyo albamu.
Mimi nimekiri. Penye baridi hakuna msimamo.

Miaka kumi na tisa Ruostesuu hawakupiga hata noti.
Ruostesuu: Mdomo wa Kutu. Lilianza kuwa tusi
la mama kwa mwanawe aliyeimba bafuni;
mwana akaliandika kwenye ngoma,
sisi tukalichonga kwenye madawati,
mimi nikalichanja begani, hapa,
mahali ambapo mume wangu wa kwanza
aliulizia bei ya kufuta.

Sasa wamerudi. Nani kawarudisha?
"Madeni," asema Raimo. "Jousi anajenga ziwani,
paa halijaisha."
"Na wewe Jumatatu unarudi kazini kwa mapenzi?"
Wamejibizana hivi tangu enzi za uchumba.
Waliachana kwa sababu ya mpiga kinanda,
kama anahitajika au hahitajiki,
wakabaki marafiki kwa sababu ya gitaa.

Eeli, kijana mwenye pete puani,
hakuwa amezaliwa bendi ilipovunjika.
Anajua Oulu walifungua na ipi,
Joensuu waliruka ipi,
na anasema wimbo mpya, ule wa Agosti,
unazipita zote.
Kimya.
Raimo anavuta soksi.
"Umefuliwa. Umepigwa pasi. Nasikia sabuni."
"Unasikia uzee, mzee."
Na Tuulikki, kwa mara ya kwanza leo,
anamimina kahawa bila masharti.

Lakini kuna jambo tunalikwepa
kama shimo la njia tuliyoizoea.
Pentti hayupo.
Pentti wa ngoma, aliyechelewa nusu pigo
katika wimbo wa nne, mwaka wa tisini na tatu,
na fundi wa studio, hoi, saa tisa usiku,
akasema basi, liacheni.
Hilo nusu pigo! Bendi nyingine zina nembo,
sisi tulikuwa na kosa.
Nilimzaa binti yangu nikilihesabu.
Machi iliyopita moyo wa Pentti nao ukachelewa,
tukangoja.

Leo atakaa bintiye, Silja,
miaka ishirini na minne, msomi wa chuo cha muziki.
"Huyo hajachelewa hata basi," asema Raimo.
"Atapiga sawasawa. Hapo ndipo tutamzika Pentti."

Milango. Viwiko. Harufu ya sufu iliyolowa.
Jousi sauti imemshuka; kwenye ile noti ya juu
alitugeuzia maikrofoni,
nasi hatukuifikia.
Wa kwanza, wa pili. Ule wa Agosti
niliuimba wote, nikajifanya sikuimba.
Kisha gitaa likafungua wa nne,
besi ikafuata kwa kunyata,
na watu elfu moja na mia mbili wakazuia pumzi.
Silja akainua kijiti.
Kiko juu.
Bado kiko juu.

Kikashuka.

Raimo alinishika mkono, jicho halikutoka jukwaani.
Kelele ile sijui ilitokea wapi,
labda kwenye matofali.

Nje theluji imeanza.
Eeli amerekodi, anataka kupima:
je, ni nusu kamili, alikusudia, aliteleza?
"Usipime," asema Tuulikki.
"Ila kama ni robo?"
"Haiwezi kuwa robo!" Raimo anafoka,
na tramu ya kwanza inatupita,
na ya pili, tukiwa bado kwenye robo,
kisha kwenye tiketi za Turku, kisha kwenye bei,
kisha kwenye paa la Jousi.
Ukutani, pale foleni ilipoanzia,
kiti cha Raimo kiko wazi vilevile,
theluji imekikalia.